Mbiu ya Mgambo Ndani ya Damu: Somo la Nyutrofili na Saitokini

Mkulima akichomwa na mwiba asubuhi, ifikapo jioni mahali palipochomwa huwa pekundu, pamevimba, pana joto na panauma. Siku mbili tatu baadaye hutunga usaha. Wengi huuona usaha huo kuwa ni uchafu ulioingia pamoja na mwiba, na hukimbilia kuukamua. Kwa hakika, sehemu kubwa ya usaha ni miili ya walinzi waliofia kazini, yaani chembe nyeupe za damu ziitwazo nyutrofili. Nazo hazikufika pale kwa bahati. Ziliitwa na kemikali ndogondogo ziitwazo saitokini, ambazo ndizo hizohizo zinazopandisha homa mtoto anapougua usiku.

Somo la toleo hili linawahusu walinzi hao na mbiu inayowaita. Limechaguliwa kwa sababu iliyo wazi kwa yeyote aliyewahi kukaa katika benchi la zahanati. Mzazi huleta mtoto mwenye homa, kipimo cha haraka cha malaria huonesha kuwa hana vimelea, kisha hurudishwa nyumbani na paracetamol bila antibiotiki. Mzazi huyo hujiona amenyimwa huduma, na safari yake huishia katika duka la dawa. Zipo nyakati ambazo uamuzi wa mhudumu ni sahihi kabisa, na zipo nyakati ambazo mtoto huyohuyo, kesho yake, anatakiwa kurudishwa haraka. Kuzitofautisha nyakati hizo kunahitaji kujua homa inatoka wapi.

Mwiba wa Messina

Elimu hii yenyewe ilianza na mwiba. Mwaka 1882, katika mji wa Messina nchini Italia, mwanabiolojia Élie Metchnikoff, mzaliwa wa iliyokuwa Dola ya Urusi, alikuwa akichunguza viumbe wachanga wa kiti cha pweza, ambao miili yao hupenya nuru kama kioo. Aliwachoma kwa miiba midogo ya waridi, akalala, na asubuhi akatazama kwa darubini. Aliona chembe zinazotembea zimeuzingira mwiba kila upande. Kabla ya hapo, wataalamu wengi waliamini kwamba chembe nyeupe zinazoonekana kwenye vidonda zilikuwa zikiwabeba na kuwasambaza vijidudu mwilini. Metchnikoff alisema kinyume chake, kwamba zinawala. Alibishiwa kwa miaka mingi, hata mwaka 1908 alipopewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich wa Ujerumani.

Ehrlich naye ana sehemu yake katika jina tunalolitumia hapa. Ndiye aliyepaka damu rangi mbalimbali na kugundua kuwa chembe nyeupe si za aina moja. Baadhi zilinasa rangi zenye asidi, nyingine zilinasa rangi za upande wa pili, na kundi kubwa zaidi likanasa rangi isiyo ya upande wowote. Kundi hilo ndilo lililoitwa nyutrofili, yaani zinazopenda kilicho kati. Mtaalamu wa maabara hadi leo huzitambua kwa rangi, na kwa kiini chake kilichogawanyika vipande vitatu hadi vitano vilivyoungana mithili ya shanga katika uzi.

Jeshi lisilozeeka

Nyutrofili hutengenezwa ndani ya uboho, ule ute wa katikati ya mifupa. Uboho wa mtu mzima mwenye afya hutoa takribani nyutrofili bilioni 100 kila siku. Idadi hiyo inashangaza, lakini ina sababu yake: nyutrofili haiishi muda mrefu. Ikishatoka katika uboho huzunguka katika damu kwa saa kadhaa, na isipoitwa popote hufa na kuondolewa kimyakimya, hasa katika wengu, ini na uboho wenyewe. Ni ndogo kiasi kwamba zikipangwa mstari mmoja, nyutrofili 70 hivi ndizo zinazotimiza milimita moja. Hata hivyo, kwa mtu mzima kwa kawaida huzidi nusu ya chembe nyeupe zote za damu.

Zinapofika mahali penye bakteria hufanya kazi kwa njia tatu. Ya kwanza ni kumeza. Nyutrofili humzunguka kijidudu, humfungia katika kifuko ndani yake, kisha humwaga humo sumu kali. Mojawapo ya sumu hizo ni asidi ya haipoklorasi, ambayo ndiyo pia inayoua vijidudu katika maji yaliyotiwa dawa ya klorini. Kila mwananchi anayetibu maji ya kunywa kwa klorini anarudia, ndani ya ndoo, jambo ambalo damu yake hulifanya kila siku. Kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza asidi hiyo kina rangi ya kijani, na ndicho kinachoupa usaha na makohozi mazito rangi yake. Kwa hiyo makohozi ya kijani huonesha kwamba nyutrofili zimefika kwa wingi. Hayathibitishi kwamba mgonjwa ana bakteria, kwani hata mafua ya virusi huweza kuyaleta.

Njia ya pili ni kumwaga silaha hizo nje ya mwili wa chembe, na hapo ndipo nyama jirani nazo huumia. Njia ya tatu iliripotiwa na watafiti wa Berlin mwaka 2004 tu. Nyutrofili huweza kuurusha nje uzi wake wa urithi, uliopakwa sumu, ukatanda kama wavu wa mvuvi na kuwanasa bakteria. Mara nyingi chembe yenyewe hufa kwa kufanya hivyo.

Mbiu ikilia

Wahenga walisema kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Ndani ya mwili mbiu hiyo ni saitokini, protini ndogo sana zinazotolewa na chembe moja ili kuipa taarifa chembe nyingine.

Chini ya ngozi, kwenye mapafu, kwenye utumbo na kwingineko hukaa chembe za zamu ziitwazo makrofaji. Hizi haziendi mbali. Ni kama mjumbe wa nyumba kumi anayejua nani ni mkazi na nani ni mgeni. Makrofaji inapotambua vipande vya bakteria hutoa saitokini kadhaa kwa mpigo. Moja huzifanya kuta za mishipa ya damu iliyo jirani zitanuke na kunata. Nyingine, inayoitwa interlukini-8, huacha njia ya harufu, kama mtu anavyofuata harufu ya mchuzi hadi jikoni. Nyutrofili inayopita ndani ya mshipa hunaswa na ule unato, hubingirika ukutani polepole, husimama, hujipenyeza katika upenyo mwembamba na kutoka nje ya mshipa, kisha huifuata harufu hadi kwenye kidonda. Wakati huohuo saitokini nyingine husafiri hadi kwenye uboho na kuagiza nyutrofili zaidi ziachiliwe na nyingine zitengenezwe.

Sasa hali ya pale palipochomwa na mwiba inaeleweka. Wekundu na joto ni damu nyingi iliyoelekezwa hapo. Uvimbe ni majimaji yaliyovuja kutoka katika mishipa iliyolegea. Maumivu yanatokana na kemikali zinazoamsha neva, na yana faida yake, kwa kuwa humlazimisha mtu aupumzishe mguu.

Virusi navyo vina mbiu yao. Mwaka 1957, jijini London, Alick Isaacs na Jean Lindenmann waligundua kwamba chembe iliyoingiliwa na virusi hutoa kitu kinachozifanya chembe jirani zifunge milango. Walikiita interferoni. Hiyo nayo ni mojawapo ya saitokini, na uchovu na maumivu ya mwili mtu anayoyasikia katika siku za kwanza za mafua kwa sehemu hutokana nayo.

Homa na kiganja cha mama

Saitokini zikizidi kiasi huingia katika mzunguko wa damu na ujumbe wake kufika kwenye ubongo. Huko, katika sehemu ndogo inayopanga joto la mwili, hutengenezwa kemikali iitwayo prostaglandini, na kiwango cha joto kinachotakiwa hupandishwa. Mwili ambao dakika chache zilizopita ulikuwa katika nyuzijoto 37 sasa unaagizwa ufike 39. Ndiyo maana mgonjwa hutetemeka na kuomba blanketi ilhali anachemka: kwa hesabu mpya ya ubongo wake, yeye ana baridi. Paracetamol huzuia utengenezaji wa prostaglandini, basi. Humpa mgonjwa nafuu, humwezesha kula na kunywa, lakini haiui kijidudu hata kimoja.

Hapa ndipo penye kiini cha suala la mzazi wa benchi la zahanati. Saitokini zinazopandisha homa ya malaria, ya nimonia, ya njia ya mkojo na ya mafua ya kawaida ni zilezile. Katika malaria, vimelea hupasua chembe nyekundu kwa wingi, kila baada ya saa 48 hivi kwa aina iliyoenea zaidi nchini Tanzania, na mabaki yake huamsha mbiu; ndiyo asili ya kule kutetemeka kwa vipindi. Hata hivyo kiganja cha mama, hata kiwe na uzoefu gani, hakiwezi kujua ni nani aliyepuliza baragumu. Kipimo ndicho kinachojua. Kikionesha malaria, mtoto hupewa dawa mseto. Kisipoonesha, mhudumu hutafuta chanzo kingine kwa kuhesabu pumzi, kutazama masikio na koo, na kuuliza kuhusu kuharisha na mkojo. Asipokuta dalili ya bakteria, kumpa antibiotiki hakumsaidii mtoto, kwa sababu antibiotiki haina la kufanya mbele ya virusi. Huwaua bakteria wema wa utumbo na kuwaacha hai wale waliojifunza kuihimili dawa. Huo ndio usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na madhara yake humrudia mtoto huyohuyo au wa jirani, siku ambayo dawa ingehitajika kweli.

Kukubali maelezo hayo si kulala usingizi. Mtoto asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila anachopewa, aliyepata degedege, au aliyelegea na kuwa vigumu kuamka, arudishwe kituoni saa hiyohiyo, hata kama aliruhusiwa asubuhi ile. Vivyo hivyo anayepumua kwa kasi au ambaye mbavu zake zinaingia ndani anapovuta pumzi. Na hata aliyethibitika kuwa na malaria na kuanza dawa, iwapo hali yake inazidi kuwa mbaya, arudishwe. Chembe nyekundu zinapopasuka kwa wingi, nyutrofili hupungukiwa nguvu ya kuua bakteria, na watoto wenye malaria kali hukutwa na bakteria katika damu pia. Malaria na bakteria huweza kuja kwa mlango mmoja.

Tarakimu za karatasi ya maabara

Wananchi wengi waliofika kituo cha afya au hospitali ya wilaya wamewahi kupewa karatasi ya picha kamili ya damu, ile inayoandikwa FBP. Kuna mstari wa nyutrofili, na pembeni yake kiwango kinachotajwa kuwa cha kawaida, ambacho mara nyingi ni kati ya 2,000 na 7,500 katika kila maikrolita ya damu. Namba ikiwa juu, mwenye karatasi hushtuka. Nyutrofili huongezeka kwa maambukizi ya bakteria, ni kweli, lakini huongezeka pia wakati wa ujauzito, baada ya kazi nzito na baada ya upasuaji.

Namba ikiwa chini huleta hofu kubwa zaidi, na hapa pana jambo linalostahili kujulikana katika kila kata. Viwango vingi vinavyochapishwa kwenye karatasi hizo vilitokana na damu ya watu wa Ulaya na Marekani. Watu wengi wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara wana nyutrofili chache zaidi katika damu, wakiwa wazima kabisa. Sababu ni urithi. Uso wa chembe zao nyekundu unakosa protini fulani, na aina ya malaria iitwayo vivaksi huitumia protini hiyo kama mlango wa kuingilia. Kukosa mlango huo kuliwakinga mababu, na tofauti hiyohiyo ya urithi ndiyo iliyobadilisha hesabu ya nyutrofili zinazoonekana katika damu. Watu hao hawaugui maambukizi zaidi ya wengine. Mtu mwenye nyutrofili 1,400 aliyekuja kupima tu kwa ajili ya afya hana sababu ya kununua dawa za kuongeza damu mitaani. Amwoneshe daktari karatasi, na ikibidi kipimo kirudiwe.

Ikishuka chini ya 500, hilo ni jambo jingine kabisa. Hutokea hasa kwa wanaotibiwa saratani kwa dawa zinazogusa uboho. Kwao homa ni dharura ya saa, wala si ya kusubiri kupambazuke. Tena ugonjwa wao hujificha: bila nyutrofili hakuna usaha, jeraha halivimbi sana, na nimonia huweza kuwapo makohozi yakiwa haba. Anayeishi na mgonjwa wa namna hiyo asidanganywe na kidonda kinachoonekana kisafi.

Wapo wengine ambao nyutrofili zao ni nyingi wa kutosha lakini ni dhaifu. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa ni mmoja wao. Sukari nyingi hupunguza kasi ya nyutrofili kuifuata harufu na uwezo wake wa kumeza, na ndiyo sababu moja ya lengelenge dogo mguuni kugeuka donda ndugu. Mtoto mwenye utapiamlo mkali ni mwingine. Kichanga naye ana akiba ndogo ya nyutrofili katika uboho, nayo huisha haraka. Kichanga mwenye maambukizi huenda asipate homa hata kidogo, bali akapoa kuliko kawaida na kukataa ziwa. Kitovu chake hakitaki majivu, mafuta wala kinyesi cha ng'ombe. Kiachwe kisafi na kikavu, kifuatiliwe kama mkunga alivyoelekeza.

Mbiu isiyonyamaza

Ulinzi huohuo ukikosa kizuizi huharibu. Maambukizi yanapoenea na mwili ukayajibu kupita kiasi, saitokini hulia mwili mzima badala ya pale penye jeraha tu. Mishipa yote hulegea na kuvuja, shinikizo la damu hushuka, damu huganda katika mishipa midogo, na figo, mapafu na ubongo hukosa damu. Hali hiyo huitwa sepsisi. Kwa mwaka 2017 pekee watafiti walikadiria kuwa watu milioni 48.9 duniani waliipata na milioni 11 walifariki wakiwa nayo, sehemu kubwa wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Huweza kuanzia kwenye jino, jipu, njia ya mkojo, au tumbo la uzazi baada ya kujifungua. Mtu mzima mwenye maambukizi anayeanza kuchanganyikiwa, kupumua haraka, kukosa mkojo, au ambaye ngozi yake imekuwa baridi yenye mabaka, apelekwe hospitali bila kujadiliana.

Janga la UVIKO-19 lilitoa funzo kuhusu kuinyamazisha mbiu. Mwaka 2020 utafiti mkubwa uliofanyika Uingereza ulionesha kwamba deksamethasoni, dawa ya bei nafuu inayopunguza saitokini, ilipunguza vifo kwa takribani theluthi moja miongoni mwa wagonjwa waliokuwa katika mashine za kupumulia. Wagonjwa ambao hawakuhitaji oksijeni hawakupata faida yoyote. Kwao mbiu ilikuwa bado inafanya kazi yake. Anayemeza vidonge vya deksamethasoni au prednisoloni kila anapohisi homa na maumivu, kwa sababu vinaleta nafuu ya haraka, anaukata waya wa kengele huku mwizi yumo ndani.

Kuhusu jipu, ambalo ndilo lililoanzisha somo hili, lisikamuliwe kwa vidole. Nyutrofili na mwili vimelijengea ukuta, na kukamua huupasua ukuta kwa ndani na kuwasukuma bakteria kwenye nyama nzima au kwenye mishipa. Jipu la usoni, karibu na pua na mdomo wa juu, ndilo la hatari zaidi. Kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu mara tatu nne kwa siku kinatosha kwa lililo dogo. Kubwa hupasuliwa kituoni kwa kisu kilichotakaswa, kwa sababu antibiotiki hupenya kwa shida ndani ya usaha.

Huduma ya kwanza kwa homa hutolewa katika zahanati ya kijiji au mtaa, pamoja na kipimo cha malaria. Palipo na dalili za hatari, mhudumu huandika rufaa kwenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya, ambako picha kamili ya damu hupimwa. Mgonjwa au anayemsindikiza aje na pakiti za dawa zote zilizokwishatumika nyumbani, hata zilizoisha. Hizo deksamethasoni na prednisoloni hasa zitajwe mapema kabla damu haijatolewa, kwani zenyewe hupandisha idadi ya nyutrofili kwenye karatasi na kumfanya daktari atafute maambukizi ambayo pengine hayapo.